Marumaru ya Mlangoni

Fundi Gidahosh alikuwa hakati marumaru mbele ya mtu. Anabeba moja, anazunguka nyuma ya nyumba kwenye mashine yake ya mkono, anarudi nayo imeshakatwa. Siku tatu nilivumilia. Ya nne nikaanza kumshuku, na mimi nikishaanza kumshuku mtu hata chakula hakinishuki.

Nyumba ni yangu, Hilaria, mjane. Iko Haydom karibu na stendi, na nataka walale humo ndugu wa wagonjwa wa hospitali wanaoshuka kwenye mabasi. Zile marumaru za porselini nilizifuata Katesh mwenyewe, na dukani waliniambia rangi ile haiji tena. Ikivunjika moja, basi tena. Sasa huyu fundi wa kutoka Yaeda Chini, mpole kupita kiasi, kila asubuhi "shikamoo mama" huku ameinamisha kichwa, anaficha nini? Nikamwambia jirani yangu Marieta kwamba fundi anavunja marumaru zangu na kuzifukia. Marieta hana kifua. Hadi jioni soko zima lilijua.

Siku ya mwisho ilibaki moja, ya mlangoni. Nikachukua kigoda, nikamfuata.

"Kata nikuone."

Hakubisha. Alifuta vumbi, akatia tone la mafuta kwenye kigurudumu cha kukatia, akakivuta juu ya marumaru mara moja tu, taratibu. Niliona mstari mwembamba kama uzi, nikajua ananidanganya.

"Hapo hujakata kitu. Rudia."

"Mama, porselini inapigwa mstari mmoja."

"Rudia, nimesema."

Alinitazama, akainamisha kichwa. Mtu uliyemwamkia shikamoo humbishii mara mbili. Akarudia. Alipobonyeza mkono wa mashine, marumaru ikapasuka kombo mpaka ukingoni.

Nilinyanyuka, nikapekua nyuma ya rundo la matofali nikitafuta zilizofukiwa. Nilikuta mabaki ya kukatia tu, yamepangwa, kila kipande kimenyooka.

"Sasa kwa nini unajificha?"

"Kwa sababu mkubwa akinitazama, akaniambia rudia, nitarudia."

Niliona aibu hadi nikakosa pa kuweka uso. Aliunganisha vipande vya ile iliyopasuka pale mlangoni kwa ufundi wake wote, lakini ufa unaonekana. Sokoni nimempitia kila aliyesikia maneno yangu, nikayafuta. Na wageni wakiniuliza ni fundi gani aliyeharibu pale mlangoni, nawaambia ni mimi.