Misalaba ya Tope Makomeno

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka mitatu homa ilipomwachia mkono wa kushoto uliofumba ngumi, usiotaka kufunguka. Muuguzi alinifundisha kuukanda kwa mafuta kila asubuhi. "Citoyenne, ukiuacha hivi utakauka," aliniambia, akiniita raia kama ilivyokuwa desturi siku hizo, na tangu hapo nikaogopa kila kitu, hata vumbi. Nilimvalisha soksi nyeupe, nikamketisha kwenye mkeka barazani, asiguse chochote. Majirani zetu wa mtaa wa Makomeno walinisifu kwa usafi, nami nikavimba kichwa.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka kijijini kukaa nasi. Kwao walikuwa watu wa shaba kabla kampuni ya migodi haijasimamisha bomba lake la moshi: baba yake alijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, akamimina shaba iliyoyeyuka katika umbo la msalaba lililochimbwa mchangani, na misalaba hiyo ndiyo iliyokuwa fedha yao. Mume wangu, karani mwenye abakosti, suti isiyovaliwa tai, iliyonyooka kwa pasi, alizicheka hadithi hizo. Mimi pia nilizicheka.

Mwezi mzima nilikuwa nikirudi kutoka sokoni namkuta mtoto ameshaoga, ananukia sabuni. Nikajisemea, bibi huyu ameshaujua mji. Siku moja nikawahi kurudi. Nyuma ya nyumba, kwenye udongo wa kichuguu uliobaki tulipofyatua matofali, mama mkwe alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, na mwanangu ana tope mpaka kwenye kope. Walikuwa wamejenga tanuru dogo, na misalaba ya tope imepangwa juani ikauke.

Hasira zangu ziko karibu, hata walionizaa wanajua.

"Mama, hapa ni mu ville, haiko mu mugini," nilimwambia, nikimkumbusha kuwa ni mjini, si kijijini kwake. "Mutoto wangu haiko nguruwe."

Kwetu mkwe hakaripiwi. Yeye akafuta tu mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni.

Nikamburuta mtoto mpaka bombani. Nilipofika kwenye mkono wa kushoto nilijiandaa kuukunjua kidole kimoja kimoja, naye alie kama kila siku. Hakulia. Vidole vilifunguka vyenyewe, vyote vitano, na kiganjani palikuwa na bonge la tope alilokuwa akilifinyanga. Akanitazama, akanipaka shavuni.

Nililia mimi. Mafuta yangu yalikuwa yamemfundisha kuniogopa kila asubuhi. Tope lilikuwa limeupa ule mkono kazi ya kufanya.

Nikarudi nyuma ya nyumba kumuuliza sababu. "Mama, juu ya nini haukuniambia?"

"Ungemukataza," alijibu, bila kinyongo. "Na ulikuwa unanicheka."

Ilikuwa kweli, na iliniuma. Nikapiga magoti palepale topeni na kikwembe changu cha sokoni, nikapiga makofi taratibu, ndivyo tunavyomwomba mkubwa msamaha. Mama mkwe akajisogeza kidogo. Mwanangu akanyoosha mkono wa kushoto, akanionyesha pa kukaa.