Nilimnyoa Asubuhi ya Kesi

Mteja akikaa kwenye kiti changu cha saluni pale Mwisenge, Musoma, mimi namwangalia masikio kwanza. Wenzangu wananicheka, wanasema kinyozi gani huyu, nywele ziko juu, yeye macho yako pembeni. Nawaachaga wacheke. Ni mazoea ya tangu utotoni, Butiama. Sikio langu la kushoto limejikunja juu kama kona ya karatasi. Kwa mama halipo, kwa wajomba halipo. Nikajua basi liko kwa mwanaume fulani huko duniani, nikawa namtafuta. Kanisani, mnadani, kwenye mpira, macho yangu yalikuwa kwenye masikio ya watu. Nilishapanga mpaka maneno atakayosema siku akiniona. Atasema, huyu ni mwanangu, na watu wote watasikia.

Alikuja akasema kweli, na watu wote wakasikia. Ilikuwa siku tunavunja matanga ya bibi, na maneno hayo ndiyo yaliyotaka kututoa nyumbani.

Bibi yangu hakuzaa. Mume wake alikufa mapema akamwachia shamba na ng'ombe. Kwetu mwanamke wa namna hiyo anaweza kuoa, na bibi alioa. Alitoa ng'ombe zake mwenyewe zikaenda kwa wazazi wa mama, mama akaletwa kwake kama mke. Hiyo tunaita nyumba ntobhu. Watoto watakaozaliwa ni wa yule mama aliyetoa ng'ombe, wanabeba jina la nyumba yake na wanarithi kwake. Mwanaume anayewazaa anakuja, anaondoka, hahesabiwi. Nilizaliwa mimi tu. Nikimuuliza bibi baba yangu ni nani, ananyoosha kidole zizini.

"Baba yako si wale pale? Nenda ukawasalimie."

Halafu anacheka mpaka anakohoa. Mimi naye nilikuwa mjinga, siku moja nikaenda kweli, nikawapa shikamoo.

Alikuwepo pia baba mdogo, anayekaa mtaa wa Nyakato hapa Musoma, mtoto wa kaka yake marehemu mume wa bibi. Huyu alikuwa mtu wa ofisini, shati limepigwa pasi, akija Butiama haji bila sukari na sabuni. Mashine yangu ya kwanza ya kunyolea alininunulia yeye, niliposhindwa kuendelea na shule. Aliniambia, "Wewe una mkono mwepesi, nenda mjini ukaanze maisha." Nilimpenda sana. Nilimwambia hata ndoto yangu ya saluni yenye vioo vitatu na feni, na televisheni ya kuonyesha mpira. Hakucheka. Sasa naona alikuwa anafurahi kwamba ndoto yangu iko Musoma, mbali na shamba.

Siku ya matanga ukoo ulikaa chini ya turubai kuchagua msimamizi wa mirathi, yaani mtu wa kwenda mahakamani kushika mali ya marehemu. Baba mdogo akajipendekeza mwenyewe, kwa upole, akasema shamba liko barabarani, linahitaji mtu anayejua mambo ya serikali. Mama akasimama.

"Mwenye nyumba yupo," akasema, akaninyooshea mkono.

"Shemeji, mimi huyu kijana nampenda kuliko unavyofikiri. Ndiyo maana leo nimemletea zawadi."

Akageuka nyuma kwenye viti vya plastiki. Mzee mmoja mwembamba akasimama, akavua kofia. Sikio lake la kushoto lilikuwa limejikunja juu.

"Mimi naishi Bunda," akasema. "Nimeokoka. Kanisani tumefundishwa mtu arudi kutengeneza alipoharibu. Huyu kijana ni mwanangu. Namkubali mbele za Mungu na mbele zenu."

Kina mama wengine wakapiga vigelegele, hata hawakujua wanapigia nini. Mimi nilishafika kwake. Nilimkumbatia nikalia kama mtoto wa chekechea. Alikuwa ananuka magunia. Juu ya bega lake nikamwona mama amekaa chini, kwenye vumbi, na kiti chake kiko wazi nyuma yake.

Baba mdogo alisubiri nimalize kulia. Mtu mwenye adabu.

"Tumshukuru Mungu," akasema. "Mtoto amepata baba, ana kwao Bunda, atarithi kwa baba yake. Kwa hiyo nyumba ya marehemu haina mtoto. Inarudi kwenye ukoo."

"Na mama yake?" shangazi mmoja akauliza.

"Atamfuata mtoto wake. Au arudi kwao, ng'ombe tulishasamehe."

Hapo ndipo nilipoelewa nilikuwa nimeshikilia nini mikononi.

Ukoo ukampitisha baba mdogo, mama akaenda mahakama ya mwanzo kuweka pingamizi. Mimi hakunisema. Alinipikia ugali, akaniwekea na dagaa, akaniangalia nikila. Mwisho akasema, "Ulilia kwa furaha. Nilikuona." Basi, akatoa vyombo. Afadhali angenipiga.

Nilipanda gari kwenda Bunda kumtafuta yule mzee. Nilimkuta kwenye ghala la pamba anashona midomo ya magunia, ile sindano yao ndefu ameiuma kwenye meno. Aliponiona akaitoa haraka, akafuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, lile neno likanimaliza. Nikamweleza tu. Shamba, mama, kaburi la bibi lililoko nyuma ya jiko. Alisikiliza mpaka uso ukamshuka.

"Yule bwana aliniambia unahangaika mjini, watu wanakuita mtoto asiye na baba. Akasema nikikukubali nitakufa vizuri. Habari ya shamba hakunigusia."

"Na wewe hukujua desturi?"

"Nilijua. Lakini nilifikiri nikisema nakupa kitu. Sikufikiri ninakunyang'anya."

Nikamwuliza sasa mahakamani atasema nini. Akachukua gunia jingine, akaliweka chini bila kulishona.

"Watanishikisha Biblia. Nikishika Biblia nitasemaje wewe si wangu? Si nitakuwa nimerudi kulekule?"

Nikamsogezea lile gunia, nikamwambia yale ya bibi, kwamba baba yangu ni ng'ombe za zizini na kwamba niliwahi kuzipa shikamoo. Alicheka, meno yote nje, hata wenzake wakageuka.

"Alikuwa mkali yule mama," akasema. "Ukiwa mchanga nilikuja kukuona, nimekushonea na kashati. Alinitoa na fimbo mpaka barabarani. Kashati akakachukua lakini."

Nilirudi Musoma nikikawaza hako kashati. Kumbe nilishakavaa, na sikujua.

Siku ya kutoa ushahidi, baba mdogo alipanga yule mzee aje kwake Nyakato, amchukue na gari lake waende pamoja. Mzee akapitia kwangu kwanza, saluni ndiyo nafungua, akaomba kunyolewa. "Usinitoe upara," akasema, "hakimu asije akafikiri nimetoka jela." Nikamfunga kitambaa shingoni. Mashine niliyoshika ni ile aliyoninunulia baba mdogo, sikuwa na nyingine yenye meno mazuri.

Nimenyoa vichwa vingi. Kile nilikipitia polepole kuliko vyote. Nyuma ana kisogo kama changu, kwenye utosi nywele zinazunguka upande mmoja na zangu. Nilipofika kwenye sikio nililikunjua kwa kidole ili nichonge vizuri, nikaliachia, likarudi lilivyokuwa. Kwenye kioo tulikuwa wawili.

"Wewe unataka niseme nini?" akaniuliza.

Nilitaka aseme yale ya kwenye matanga. Nilitaka ayarudie kila siku mpaka nizeeke. Nikampiga brashi shingoni nikitoa nywele ambazo zilishatoka.

"Mama hana pa kwenda," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akavaa kofia, akaenda kusubiri gari la baba mdogo.

Kule Butiama chumba cha mahakama kilijaa, watu wengine wamesimama madirishani. Mzee alishika Biblia, akaapa. Baba mdogo ndiye aliyekuwa anamwuliza maswali, kwa sababu ni shahidi wake, na alikuwa anauliza kama mtu anayesoma neno analolijua.

"Shahidi, yule kijana pale ni mtoto wa nani?"

"Ni wa marehemu."

Baba mdogo akatabasamu. "Labda hujanisikia vizuri, mzee wangu. Nauliza, aliyemzaa ni nani?"

"Kwenda nilikuwa nakwenda kwa mama yake. Hilo nimeapa, silifichi. Lakini umeuliza mtoto wa nani. Ng'ombe zilizokwenda kwa kina mama yake hazikuwa zangu. Jina sikumpa mimi. Alipougua hakupelekwa hospitali na mimi."

"Kwenye matanga ulisema ni mwanao."

"Nilisema nilichotamani."

"Sasa baba yake ni nani? Ng'ombe?" Watu wakacheka.

"Ndiyo," mzee akasema. "Hata marehemu mwenyewe alikuwa anamwambia hivyo."

Hakimu alinyamazisha watu, akaweka kalamu chini. "Shahidi, jibu ili niandike. Huyu kijana ni mtoto wako au si mtoto wako?"

Mzee aliniangalia. Nilimwangalia na mimi, nikiomba afunge mdomo, nikiomba aseme.

"Si mtoto wangu, mheshimiwa."

Hakimu akaandika.

Hukumu ilipotoka, mama alipewa usimamizi. Hakimu alisema ukoo wenyewe miaka yote ulinijua kama mtoto wa nyumba ya marehemu, na hauwezi kunisahau siku ya kugawana. Mama alipiga magoti palepale. Mzee naye alikuja kusikiliza, alikaa benchi la nyuma. Nilimwona anatoka, nikamkimbilia uani, mdomo umeshafunguka kumwita baba. Mama akanishika shati kwa nyuma.

"Usimwite hivyo hapa," akaninong'oneza. "Baba yako mdogo anakata rufaa."

Na kweli, baba mdogo amekata rufaa Musoma. Tukikutana njiani ananipita kama nguzo ya umeme. Mimi bado namsalimia, nashindwa kuacha. Mama analima, ameshapanda mihogo mpaka ukingoni mwa barabara ili waione. Anaimba akipalilia. Mimi nimeongeza kioo cha pili.

Mzee alikwenda mwenyewe kumwambia mchungaji wake alichosema akiwa ameshika Biblia. Hakumweleza kwa nini. Wamemsimamisha kuimba kwaya. Aliniambia hayo kama mtu anayesimulia hali ya hewa, akaongeza kwamba hata hivyo sauti ilishaanza kumkwama.

Akija Musoma anapitia kunyoa. Namwita mzee, ananiita kijana, kama tulivyokubaliana mpaka rufaa iishe. Juzi mwenzangu wa kiti cha pili akatukodolea macho, kwake na kwangu, kwangu na kwake.

"Wee, huyu mzee ni ndugu yako? Mbona hayo masikio?"

Mzee alikuwa ananiangalia kwenye kioo.

"Hapana," nikasema. "Ni mteja tu, anatokaga Bunda."

Akafumba macho, akainamisha kichwa kidogo nimfikie kisogoni. Nikawasha mashine.