Joka Lililokufa Uswidi

Katika soko la mitumba la Kiboriloni wengi walijua kununua. Basili Mtui alijua kuondoka. Alikuwa akishika bidhaa, anaikashifu kidogo, anataja bei yake, kisha anampa muuzaji mgongo na kwenda zake bila haraka. Kabla hajauvuka mtaro wa pembeni mwa soko, sauti ilikuwa lazima imfuate: "Mangi, hebu rudi tuongee." Kwa mgongo huo alijenga nyumba ya matofali kwao Marangu, akamwezekea mama yake bati, na kila Krismasi, ukoo ulipopanda nyumbani kutoka Dar na Arusha, kidari cha mbuzi, nyama ya heshima, kilikuwa chake.

Mwaka tisini na tatu alisikia kuna mzee wa Kiswidi anauza mashine ya ajabu kwenye ua mmoja karibu na stesheni ya Moshi. Akaenda na mdogo wake Sirili, aliyekuwa akimbebea marobota tangu ujana. Kontena lilipofunguliwa waliona treni ndogo ya kijani yenye kichwa cha joka, rangi imebanduka puani, na reli zilizopindapinda kama ndizi, za kupanda na kuporomoka. Mswidi akaeleza, kwa Kiswahili cha misheni, kwamba aliliendesha Joka hilo miaka mingi katika bustani ya michezo kando ya ziwa kwao. Watu wakaacha kuja, bustani ikafungwa. Treni kubwa ya mbao, iliyokuwa ikipanda juu kupita mnara wa kanisa na kuporomoka huku watu wakipiga mayowe, ilipasuliwa ikawa kuni. Vikombe vikubwa vya kuzungushia watoto viliuzwa kama chuma chakavu. Akawaonyesha picha: nyasi zimemea kiunoni katikati ya reli. Joka peke yake ndilo lililomshinda kulitupa.

Basili hakuwa na shida na ziwa wala nyasi. Aliwaona watoto wa Krismasi, wamevalishwa viatu vipya na hawana pa kwenda baada ya misa. Alilitaka, ila uso ukabaki mkavu. Akagonga chuma, akasema kimeliwa na kutu, akataja nusu ya bei. Mswidi akatikisa kichwa. Basili akampa mgongo.

Akafika getini. Kimya. Akainama kufunga kamba za viatu, ilhali amevaa makobazi. Kimya vilevile. Huyu mzungu, kumbe, alidhani mtu akiondoka ameondoka kweli. Basili akaenda kunywa chai mjini, akijipa moyo kwamba mpaka kesho mzee atakuwa amelainika.

Kesho yake aliukuta ua mtupu. Sirili alikuwa amerudi kimyakimya, akauza pikipiki yake na ng'ombe wa maziwa, akalipa bei ileile aliyoitaja Mswidi bila hata kuomba apunguziwe.

"Mjinga yule," Basili aliwaambia wenzake sokoni. Mtu asiyejali asingewaambia mara nyingi hivyo.

Krismasi ilipofika Joka lilisimikwa kwenye uwanja chini ya kanisa, jenereta likinguruma pembeni. Foleni ilifika hadi kwenye mibuni ya watu. Binti zake Basili mwenyewe walirudi nyumbani sauti zimekauka kwa kupiga kelele. Lakini lililomchoma zaidi lilikuwa la mama yake, Mama Mektrida: alipandishwa, kilemba kimekazwa chini ya kidevu, akashuka akicheka kama msichana. Jioni, baba mdogo Theodory alipogawa nyama, alikipitisha kidari mbele ya pua ya Basili akasema mwaka huu kinamwendea aliyemrusha bibi hewani. Watu wakacheka. Basili akaambulia shingo.

"Mama," alisema, "hilo bati lililo juu ya kichwa chako, aliliweka nani?"

"Wewe, baba," mama akajibu kwa upole. "Ila bati halijawahi kunichekesha."

Siku chache baadaye Basili alisikia Joka likikwaruza, kisha kimya, na harufu ya waya zilizoungua ikamfikia kwenye migomba yake. Siku hiyo alikula machalari ya ndizi na nyama kwa hamu, akaongeza.

Januari ukoo ulishuka tena mijini, Joka likabaki chini ya turubai. Sirili akamfuata kaka yake Kiboriloni, akamsabahi kwa shikamoo, akamweleza bila kuficha: mota imekufa, fundi amesema vipuri vyake havipatikani huku, na kama kaka analitaka, alichukue kwa bei aliyolinunulia.

Basili akacheka, akataja bei ya chuma chakavu. Akaanza kuieleza ile kutu.

"Sawa, kaka," alisema Sirili, akampa mgongo.

Ulikuwa mgongo ulionyooka, usio na haraka. Basili aliutambua, ulikuwa wake. Alijua mchezo wote: nyamaza, atasimama mwenyewe mtaroni. Alijua pia kwamba chuma hicho kilishakufa Uswidi kabla hakijafia Marangu, na hakuna mwenye akili timamu angekinunua. Lakini alishaiona Krismasi ijayo: fundi mwingine, mota nyingine, mama anacheka tena, na kidari kinapita mbele ya pua yake.

Sirili aliufikia mtaro. Akauvuka.

"Sirili," Basili akaita. Wauza mitumba wakageuza shingo, maana hawakuwahi kuisikia sauti hiyo ikimwita mtu. "Hebu rudi tuongee."

Sirili akarudi, taratibu, na hakupunguza hata senti.