Balbu ya Vifaranga

Hadi leo sijausahau ule uvundo.

Mume wangu alifuga samaki wa maji ya chumvi sebuleni kwetu Kitale. Ndani ya kabati, chini ya tangi lao, aliweka tangi dogo la mwani, ambao kazi yake ni kufyonza uchafu wa samaki. Muuzaji alimshauri achukue mwani wa nyuzinyuzi, unaofanana na waya wa kusugulia sufuria, kwa sababu hausumbui. Yeye akachukua ule wenye vishada kama zabibu, ati ndio wageni watapenda. Akaambiwa anunue taa nyeupe yenye mwanga mkali. Yeye akaenda bandani, akachomoa balbu nyekundu ya kuwapasha vifaranga joto, akaining'iniza juu ya mwani na kufunga kabati.

"Kama inakuza kuku, itashindwa na majani?" aliniuliza.

Asubuhi nilifungua kabati. Zile zabibu zilikuwa zimeyeyuka zikawa kamasi, inayovutika kama mrenda uliolala, na maji yananuka mayai viza. Nilitapika hapo hapo kwenye zulia. Bado nimeinama, mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Kamukuywa, akaingia na karai. Ndani yake walilala vifaranga wetu wote, wamekufa kwa baridi.

Mume wangu alitazama karai, akatazama kabati, akaziba pua.

Nilichomoa ile balbu nikamtia mkononi.

"Kitale kuna baridi, bana," nikamwambia. "Leo utalala nayo."