Ukurasa Usio na Alama za Vidole

Dobi hakujua kusoma, lakini madoa aliyajua. Kwa jasho la kufua alimsomesha mdogo wake, na mdogo mtu akamlipa fadhila kila asubuhi: dada anapiga pasi, yeye kakaa juu ya kapu la nguo anamsomea Zaburi. Miaka yote hiyo Mungu alizungumza na dobi kwa sauti ya mdogo wake.

Sauti hiyohiyo ndiyo iliyomwambia, "Dada, weka dole gumba hapa, ni karatasi ya watu wa maji." Akaweka. Mwezi haukuisha, akaja mgeni na kufuli jipya. Akamwambia chumba cha kufulia, alichoachiwa na marehemu mama yake, kimeuzwa, na alama ya kidole chake hii hapa. Mdogo mtu alikuwa ameshahama, hata kwaheri hakuaga. Kikulacho ki nguoni mwako, naye dobi, mkaguzi wa nguo za watu, zake hakuzikagua.

Akahamishia beseni kwenye kibaraza cha muuza mkaa. Majirani wakacheka: nguo nyeupe na mkaa, wapi na wapi? Kazi aliimudu. Kilichomshinda ni kuomba. Kila alipofumba macho, mistari ilimjia kwa sauti ya yule msaliti, akayafumbua upesi. Akaamini Mungu naye amefungasha, ameondoka na msomaji wake.

Siku moja mvua ilinyesha, hakuna cha kuanika. Akaitoa Biblia sandukuni, akamgeukia muuza mkaa.

"Jirani, kusoma unajua?"

"Najua, ila kwa kuchechemea."

"Basi chechemea. Usiguse tu. Kwa mikono hiyo utanipa kazi ya kufua mpaka manabii."

Akamshikia kitabu mwenyewe, akapekua. Kurasa zenye alama za vidole alizipita zote, mpaka akafika palipo safi. "Nisomee hapa. Hapa yeye hakufika."

Muuza mkaa akasoma neno kwa neno, kama mtu anayevuka matope. Mtunga zaburi alikuwa akilalamika: lau angetukanwa na adui, angevumilia, lakini ni wewe, mwenzangu, niliyekuwa nikienda nawe nyumbani kwa Mungu.

Dobi akaketi. "Hayo yameandikwa humo?"

"Mimi ningeyatoa wapi, mama?"

"Tangu zamani?"

"Tangu kabla ya bibi zetu."

Basi mdogo wake alikuwa akimrukishia ukurasa huu. Alisomewa yaliyo matamu, na haya yakamngoja hapo kando tu, ukurasa wa pili. Mungu aliujua uchungu huu kabla haujampata, na hakuwa amemfuata mtu yeyote.

"Sijamsamehe," akasema.

"Sijakuuliza."

"Siongei na wewe."

Muuza mkaa akaelewa, akarudi kwenye magunia yake. Dobi akafumba macho. Safari hii sauti aliyoisikia ilikuwa yake mwenyewe, ya kukwaruza. "Bwana, mdogo wangu ameniuza," akaanza, na hakufumbua macho mpaka alipoyasema yote.