Kidole cha Mkalimani

Katika kanisa lao la mabati pale Kaloleni, wapo waumini ambao wakibanwa waseme ukweli watakiri kwamba hawakuwa wakija kumsikiliza mhubiri. Walikuja kumsikiliza Patrobas Wakoli. Mhubiri, hasa akiwa mgeni, alisema Kiingereza chake, naye Wakoli alisimama bega kwa bega naye akikigeuza Kiswahili, na mara nyingi Kiswahili hicho kilikuwa kitamu kuliko kilichotangulia. Mhubiri akiruka, Wakoli naye anaruka. Mhubiri akilia, Wakoli anatoa leso. Mgeni mmoja aliwahi kusimulia habari za theluji mpaka watu wakaanza kusinzia. Wakoli akawapa mvua ya mawe ya kwao Kimilili, ile inayolaza migomba chini, na kanisa zima likaamka. Kama huo ulikuwa uongo, haukumdhuru mtu.

Siku za kazi alikuwa mpakiaji katika kiwanda cha sabuni kule Industrial Area, mpaka mgongo ulipokataa. Huko hakuna aliyejua kama anatafsiri au anaimba. Lakini Jumapili alivaa koti lake la kijivu na watu wakampisha njia. Nafula, mkewe, aliyekuwa akinunua mboga za kienyeji Muthurwa na kuja kuziuza karibu na nyumba yao, alijua kwamba mtu huyu aliishi siku sita akiingoja moja. Nafula mwenyewe hakukijua Kiingereza. Kila alichopata kutoka kwa wageni wale, alikipata kinywani mwa mumewe.

Tableti waliletewa na binti yao, Eve, ili baba yake asome Biblia kwa herufi kubwa. Mchungaji Makau naye akaanza kumtumia humo mahubiri ya wageni kila Jumamosi, ajiandae mapema.

"Neno likikushinda, baba, liwekee kidole tu," Eve alimwambia. "Usitoe haraka. Ngoja."

Wakoli akaweka kidole, akangoja, na kisanduku kidogo kikachomoza juu ya maandishi kikiwa na maana ya neno lile. Kamusi ilikuwa ndani ya kifaa chenyewe, wala haikuhitaji bando la intaneti. Mzee alifurahi mno. Alikwenda Kariokor akashonewa mfuko wa ngozi wa kuibebea, na kwa wiki nzima kila aliyeingia nyumbani alionyeshwa kisanduku kile, atake asitake.

Mwanzoni alikuwa akibonyeza maneno magumu, yale ya wahubiri wanaotaka watu wajue wamesoma. Baadaye Nafula akaona mwendo wa kidole umebadilika. Kilisimama kila mstari, halafu mara mbili kila mstari. Na kwa kuwa maana yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, mzee alilazimika kubonyeza neno lililokuwa ndani ya maana, kisanduku kingine kikaja, akabonyeza tena ndani ya hicho, akaendelea hivyo mpaka asijue alianzia wapi.

Jumamosi moja jioni aliinua macho.

"Mama Eve," akasema, "kondoo ni nini?"

Nafula alicheka. Alidhani ni kichekesho anachowaandalia watu wa kesho, maana mtu huyu alichunga kondoo wa baba yake mpaka akaota ndevu. Kisha akamwangalia usoni, na kicheko kikamkauka.

"Ni yule mnyama wa manyoya, Baba Eve. Wale mliokuwa nao kwenu."

"Ndiyo, ndiyo," Wakoli akajibu haraka, akarudi kwenye tableti. Hakuwa ameelewa.

Hospitalini daktari alimpima mzee, akampiga picha za kichwa, mwishowe akamweleza Nafula polepole. Kuna ugonjwa wa ubongo unaoondoa maana ya maneno na kuacha sauti zake. Mzee ataweza kusoma kwa sauti. Ataweza kurudia lolote atakalosikia, tena bila kosa. Lakini ndani ya maneno hayo hamtakuwa na kitu, na hakuna dawa ya kuurudisha ugonjwa huo nyuma. Nafula aliuliza jambo moja tu, kama anaweza kuendelea na kazi yake ya kanisani. Daktari alisema aendelee, mradi anaweza.

Basi Nafula hakumwambia mchungaji. Anayetaka kumlaumu na amlaumu, lakini aseme kwanza yeye angemwondolea mumewe Jumapili kwa mdomo gani. Alichofanya ni kuketi naye kila Jumamosi. Mzee alisoma sentensi, akabonyeza, akabonyeza tena, na Kiswahili chake kikipatikana Nafula alimfanya akirudie hadi kikae. Kesho yake alisimama akakitoa. Kilikuwa kikavu, hakina tena mvua ya mawe, lakini kilikuwa Kiswahili. Watu walisema mzee amechoka, wakaishia hapo. Nafula alianza kuamini kwamba wataweza kuficha hivyo mpaka Mungu aamue vingine.

Kisha akaja mgeni mmoja mrefu, mchangamfu, ambaye alifika mbele, akayaweka mahubiri yake kando na kusema kwamba leo atasema na watu kutoka moyoni.

Alisema sentensi yake ya kwanza. Wakoli akainua maikrofoni, akairudia kwa Kiingereza, kwa lafudhi ya mgeni, na mkono akautupa juu vilevile kama mgeni alivyoutupa. Kanisa likacheka. Walidhani mzee wao ameamka na vituko. Mgeni akatabasamu, akasema ya pili. Wakoli akairudia vilevile, na safari hii waliocheka walikuwa wachache. Ya tatu haikuchekwa na mtu yeyote.

Hapo Wakoli akahisi kuna kitu. Akaifungua tableti, kidole kikaanza kutembea juu yake, kikishuka na kupanda. Lakini yale ya moyoni mwa mgeni hayakuandikwa humo, na neno lililosemwa tu halina pa kuwekea kidole. Nafula aliyaona hayo yote akiwa safu ya nne. Aliona aibu, kisha akajionea aibu kwa kuona aibu.

Kijana wa kwaya aitwaye Muindi ndiye aliyepanda. "Mzee wangu, leta nikusaidie kidogo," akamwambia kwa sauti ya chini, akaichukua maikrofoni kwa adabu.

Baada ya ibada, Nafula alikuwa akimimina chai jikoni pamoja na Kavindu, mke wa mchungaji. Kavindu alimshika bega.

"Pole, Mama Eve. Mchungaji anaongea na mzee sasa hivi, hapo nje. Kuanzia Jumapili ijayo ni Muindi atakuwa anasimama. Mzee atakaa mbele na wazee wa kanisa, apumzike."

"Anamwambia kwa lugha gani?"

"Si ni Kiingereza? Wao siku zote huongea Kiingereza. Anampa heshima yake."

Nafula aliendelea kumimina chai mpaka kikombe kikafurika.

Walipofika nyumbani, Wakoli alivua koti, akalitundika, akaketi.

"Mchungaji amekuambia nini?" Nafula akamuuliza, ingawa alijua.

Mzee alinyoosha mgongo. Akayatoa maneno yote ya Mchungaji Makau, kwa Kiingereza, kwa sauti ya Makau mwenyewe, hata kikohozi chake cha katikati. Hakuruka neno. Alipomaliza alitabasamu.

"Ni maneno mazuri," akasema. "Jumapili nipigie pasi lile shati jeupe."

Nafula alifikiria kulipiga pasi na kunyamaza. Lakini akilini akamwona akipanda mbele na shati lake jeupe, anamkuta Muindi ameshika maikrofoni, na kanisa zima linatazama. Akavuta kigoda, akaushika mkono wa mumewe, akaanza kumwambia kwa Kibukusu, lugha yao ya utotoni waliyokuwa wameiachia misiba na safari za nyumbani. Alimwambia kipande kwa kipande, akinyamaza kila baada ya kipande. Wanakushukuru. Umewafanyia kazi kubwa. Jumapili ijayo Muindi ndiye atakayesimama mahali pako.

Mwanzoni midomo ya Wakoli ilikuwa ikiyarudia yale maneno. Kisha ikaacha kurudia.

"Mimi?" akauliza, kwa Kibukusu.

"Wewe, Baba Eve."

Alikuwa ameelewa. Aliinamisha kichwa juu ya meza akalia, na Nafula akabaki ameushika mkono wake.