Dripu ya Kitanda cha Dirishani

Wiki yangu ya kwanza wodini, mkuu wa wodi alisema atanitazama nikiweka dripu, ndipo aamue kama nabaki au narudi kutafuta kazi. Nikakagua dawa mara mbili, namba ya kitanda mara mbili.

"Shikamoo mama. Unajisikiaje?"

"Marahaba. Mgongo wote unauma, mwanangu, usiku sikulala."

Alipoiona sindano akasita. Nikapatana naye kama tuko mnadani Chemba: "Mchomo mmoja tu, na mkono uchague mwenyewe."

Akatoa wa kushoto. Mshipa nikaupata papo hapo, mkuu akaniitikia kwa kichwa. Jina sikuuliza hata mara moja.

Mara akaingia mama mwingine, anatoka kuota jua.

"Mdogo wangu, nimekuachia kitanda changu ujinyooshe tu. Umelazwa saa ngapi?"